Jina la Mtoto wa Yusra

Asubuhi kama hiyo, kwao Munje, Kwale, Twaiba huwa uani na fagio mkononi, akigombana na kuku wa jirani. Siku hiyo alikuwa ndani ya ndege, juu ya mawingu, mkanda umemkaza kiunoni, akila kimkate kisichojaza hata shavu. Yeye na mama yake walikuwa wakienda Maskati kumwona dada yake Yusra, muuguzi huko, aliyejifungua mtoto wa kike wiki ile.

Msichana huyu hakuwa mwoga hata kidogo. Uwanja wa ndege wa Mombasa aliwajibu maafisa maswali yote kabla mama hajafungua kinywa. Lakini sasa, akitazama bawa la ndege dirishani, safari zake za wiki ile zilimrudia moja moja. Alikwenda Bongwe kumuaga shangazi, akarudi na kanga za mtoto. Alikwenda ufukweni Diani na rafiki yake Kahaso, wakapanda ngamia na kucheka hadi mbavu zikawauma. Na Kikoneni kwa bibi yake, Bibi Mbeyu, je? Huko hakufika ng'o! Siku aliyotumwa Kikoneni ndiyo hiyo hiyo aliyoimalizia Diani.

"Twaiba," mama aliuliza, "lile jina hujalisahau?"

Katika ukoo wao, kifungua mimba hupewa jina na bibi ya mama yake. Naye Bibi Mbeyu hakukubali kulitaja kwa simu. Sharti litoke kinywani mwake, liingie sikioni mwa mjumbe, na mjumbe alifikishe. Mjumbe alikuwa Twaiba. Aliporudi kutoka Diani alimwambia mama, "Amenipa, lakini kasema nimwambie Dada Yusra peke yake." Ujanja mtupu! Alikuwa amepanga kubuni jina lolote tamu.

Kesho yake ilikuwa siku ya akika, mtoto atajwe jina mbele ya watu. Twaiba aliwaza: mtoto ataitwa jina la uongo shuleni, harusini, mpaka uzeeni. Akakirudisha kimkate sahanini.

"Mama, nisamehe. Sikwenda Kikoneni. Nilikwenda Diani kucheza. Jina sina."

"Subhanallah! Na yule mzee akakungoja kutwa nzima?" "Basi utamwambia wewe mwenyewe, si mimi."

Walipofika, Yusra aliwapokea kwa machozi na vicheko. Twaiba hakutaka kumpakata mtoto kwanza. Alimweleza dada yake yote, kisha wakampigia simu Mangi, jirani ya bibi, kwa kuwa bibi mwenyewe hana simu. Mangi akampelekea bibi simu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nilikupikia wali wa nazi, ukachacha."

Twaiba alilia waziwazi. "Bibi, nilikwenda kucheza, kisha nikadanganya kuwa umenipa jina. Nisamehe. Mpe mama hilo jina, mimi sistahili."

Bibi alisema, "Mangi, hebu toka nje kidogo. Na huko kwenu, mama yako na Yusra nao watoke. Simu siipendi, wala sijaanza kuipenda leo. Lakini umesema kweli bila kusukumwa na mtu. Tega sikio, mjukuu wangu."

Twaiba alisikiliza, akalirudia jina taratibu asije akakosea. Kisha akaingia chumbani alikokuwa Yusra na mtoto, kifua mbele, macho bado mekundu.

"Mwanaima," alisema. "Ni jina la mama yake bibi. Kasema alikuwa mwanamke wa jembe, hakumwogopa mtu."

Yusra alimbusu mtoto. "Mwanaima wangu!"

Mama alimfuta Twaiba machozi kwa ncha ya leso. "Bibi angeweza kunipa mimi jina hilo, mwanangu. Kakupa wewe, uliyemdanganya. Anayekiri kosa lake huweza kuaminiwa tena na kutumwa tena, ila na yeye asirudie. Haya, tukirudi Kwale utaanzia wapi?"

"Kikoneni, mama," alijibu Twaiba. "Hata kabla sijafungua sanduku."