Vidonge Ndani ya Kopo la Rangi

Kwa Fundi Rangi hakuna kinachotupwa. Rangi ikibaki kazini, huifunga kwenye kopo na kurudi nayo nyumbani. Ukuta ukichubuka siku moja, atauziba palepale. Chini ya kitanda chake yamejaa makopo, makubwa kwa madogo. Mkewe, ambaye ni msusi, amesema mpaka amechoka.

"Mume wangu, mimi nalala juu ya duka la rangi," husema, kisha hucheka mwenyewe.

Lakini juma lile Msusi hakuwa na kicheko. Alikuwa ametoka hospitalini, amepasuliwa tumbo kutolewa kifuko cha nyongo kilichojaa vijiwe. Alikaa kitandani ameegemea mito, na mto mmoja mdogo ameukumbatia juu ya kidonda.

"Leo nimeaibika kwa mteja," mumewe alianza kumsimulia. "Nimemaliza ukuta, nikarudi nyuma kuutazama, nyuma yangu kuna ndoo..."

"Nyamaza! Usinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

Alikunja uso, machozi yakamtoka. Fundi akaiacha hadithi hapohapo. Alimpenda mno mkewe, na kumwona vile kulimtesa.

Hospitali ilikuwa imempa Msusi parasetamoli na vidonge vya kodeini. Daktari alimwambia atembee kidogo kidogo, avute pumzi ndefu na akohoe, ili kifua kisije kikaziba. Fundi alisikia, lakini yaliingia sikio hili yakatokea lile. Alichokumbuka ni sindano ya mofini baada ya upasuaji. Siku ile mkewe alilala fofofo. Basi yeye akajiwekea kwamba dawa inayolaza ndiyo dawa. Parasetamoli hata hakumpa. "Hii ni ya mafua," alisema, akaiweka kando.

Kodeini ilipoonekana haimlazi, Fundi aliinama chini ya kitanda. Zamani alianguka kwenye ngazi akaumia mgongo, akapewa tramadoli. Zilizobaki alizihifadhi ndani ya kopo dogo la rangi, kama kawaida yake.

"Meza na hizi," alimwambia mkewe.

"Si nimemeza zile muda si mrefu?"

"Rangi isipofunika unaongeza mkono wa pili. Meza, mama, upumzike."

Msusi akameza. Baada ya muda akalala. Fundi akatoka uani kuosha brashi zake, moyo mweupe.

Alasiri ile jirani yao, muuguzi wa hospitali ileile, alikuwa anatoka kazini, akapita kumjulia hali mgonjwa.

"Shemeji, dada anaendeleaje?"

"Leo amepata usingizi mtamu. Hebu msikie anavyokoroma!"

Muuguzi akasikiliza. Mkoromo ulikuwa mzito, na kati ya pumzi moja na nyingine kulikuwa na kimya kirefu mno. Aliingia chumbani haraka, akamtikisa Msusi begani, akamwita kwa sauti. Msusi aligumia tu. Midomo yake ilikuwa imepauka, mboni za macho zimekuwa nukta.

"Shemeji, amekunywa nini? Niambie vyote, usinifiche."

Fundi alitamani ardhi impasukie, lakini alisema yote, akamwonyesha na kopo.

"Tafuta gari sasa hivi! Vidonge hivyo tunakwenda navyo."

Walimlaza Msusi ubavu. Njia nzima muuguzi aliangalia pumzi zake, akimwita na kumwambia, "Vuta pumzi, dada! Vuta!" Hospitalini alichomwa dawa ya kuzima nguvu ya zile alizomeza. Alifumbua macho. Walimlaza wodini ili wamwangalie, kwa kuwa usingizi ule ungeweza kumrudia.

Fundi alikaa kwenye benchi analia, wala hakujificha. "Nilitaka asiumie," alisema.

"Najua," muuguzi akamjibu, akakaa karibu naye. "Sasa nisikilize. Mofini, kodeini na tramadoli ni za ukoo mmoja. Zote zinaweza kupunguza pumzi. Ukizichanganya, pumzi inaweza kukatika kabisa."

"Ipi bora kati yao?"

"Inategemea mgonjwa. Mofini ina nguvu sana. Hapa tulimpa, lakini tulikuwa karibu naye tunaangalia pumzi. Kodeini kila mwili unaipokea kivyake. Kuna mtu haimsaidii, kuna mwingine inamzidi. Tramadoli inaleta kizunguzungu na kichefuchefu, na wengine huweza kupata degedege. Halafu zote zinafunga choo."

"Kumbe ndiyo maana alikuwa ananuna!"

Muuguzi akacheka. "Ndiyo maana anywe maji ya kutosha na atembee. Na hiyo parasetamoli uliyoidharau, ndiyo ya kuanza nayo, anywe kwa saa zake. Daktari akiona tumbo na figo ni nzima, ataongeza ibuprofeni. Dawa kali ni kwa maumivu yanayobaki hapo: aina moja, kidogo, siku chache. Ikishindwa, rudi kwetu. Usiongeze yako."

"Na kama halali?"

"Hatumpi ili alale, shemeji. Tunampa ili aweze kuamka, akohoe, afike mlangoni. Kuuma kidogo kutabaki. Wewe ukipaka mkono wa pili wakati wa kwanza haujakauka, inakuwaje?"

"Inavimba malengelenge. Kazi yote inaharibika."

"Haya basi."

Msusi aliporudi nyumbani, daktari alikuwa amempangia parasetamoli na ibuprofeni, pamoja na kodeini chache za kutumia akizidiwa tu. Fundi alimpa kwa saa zake. Kabla ya kumpa kodeini alimsemesha kwanza, akaona yuko macho na anapumua vizuri. Asubuhi walitembea mpaka mlangoni, kisha mpaka uani. Alikohoa huku amebana mto wake kidondani. Kodeini zikabaki.

Safari hii Fundi hakuzifungia kwenye kopo. Alizipeleka duka la dawa la hospitali, wakazipokea wakaziharibu. Aliporudi alimkuta mkewe kibarazani anamsuka mteja, mto wake umetupwa huko kitini.

"Umezitoa zote?" Msusi akauliza.

"Zote. Chini ya kitanda imebaki rangi tupu."

Msusi akaweka kitana chini, akamtazama mumewe.

"Haya, keti hapa. Ile ndoo ilikuwaje?"

Fundi akasimulia mpaka mwisho, na jinsi alivyotoka na mguu mmoja wa bluu. Msusi alicheka mpaka akainama, mikono yote miwili imo kwenye nywele za mteja, wala hakushika tumbo.

"Rudia tena," alisema. "Hapo pa mguu."