Mama Alijua Niko Uarabuni, Kumbe Nilikuwa Busisi

Nina umri wa miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Igoma, Mwanza. Nilipomaliza kidato cha sita sikupata nafasi ya chuo. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu Modesta. Wasomaji wenzangu, mkimaliza kusoma mnihukumu mtakavyo... nimeshajihukumu mwenyewe.

Pale Mirongo kulikuwa na mwanamke tuliyemwita madam Jesca. Kazi yake ilikuwa kupeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za hotelini. Alikuwa mcheshi, anajua kubembeleza. Mama akauza ng'ombe wake ili nipate nauli na viza.

Kuagwa kwangu sasa! Ndugu walitoka Magu na Misungwi, mbuzi akachinjwa, mchungaji akaniwekea mikono, mashangazi wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Mtaa mzima ulijua Leticia anapanda ndege. Nilijiona malkia!

Nilipofika Dar es Salaam kusubiri safari, madam Jesca akasema viza ina tatizo kidogo, nivumilie. Nikavumilia gesti hadi akiba ikaniishia. Siku niliyomwambia amrudishie mama hela zake, akaifungia namba yangu nisimpate tena. Jamani, nililia!

Nikapanda basi kurudi. Lakini ningeingiaje Igoma baada ya sherehe ile? Watu wangesemaje? Aibu ilinibana, nikateremka Usagara kabla ya kufika mjini, nikaelekea Kigongo na kuvuka ziwa hadi Busisi. Huko mama lishe mmoja akanipa kazi ya kuosha vyombo. Nikamtumia mama ujumbe kwamba nimefika salama Uarabuni, kazi ni nzuri, ila kupigiana simu za video haturuhusiwi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunga mwenyewe. Kila gari lililotoka Mwanza liliposimama, nilijitanda khanga usoni. Nilipougua malaria nililala sakafuni, huku namwandikia mama kwamba vyumba vyetu vina kiyoyozi! Kila nilipotaka kusema ukweli, uongo ulikuwa umeshakua. Nyumbani palikuwa ng'ambo tu ya maji na sikuweza kwenda... Nani angenitoa?

Mama naye, kwa furaha yake, alibeba kuku na mchele akaenda Mirongo kumshukuru madam Jesca. Yule mwanamke alijua fika kwamba sikupanda ndege yoyote. Lakini alipoona anashukuriwa, akaelewa hapohapo kwamba nimewadanganya nyumbani. Akapokea kuku! Akamwambia mama kwamba mabosi wangu wananisifu mno, na wanataka msichana mwingine kama mimi. Binadamu gani yule?

Asubuhi moja nikiwa nasugua masufuria, ukaingia ujumbe wa sauti wa mama.

"Mwanangu, tulitaka tukushtukize. Mdogo wako ameshapanda ndege, jana. Ukampokee, si unajua hajazoea watu?"

Modesta! Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne... Nikampigia, hapatikani. Nikaazima simu ya mama lishe nikampigia Jesca. Aliposikia sauti yangu, akakata. Nikavuka kwenda Igoma nikiwa na nguo zilezile zilizolowa.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Aliponiona alipiga kelele za furaha, akanikumbatia, akachungulia nyuma yangu. Kisha uso ukambadilika.

"Leticia, mbona uko peke yako? Mdogo wako umemwacha na nani?"

Nilipiga magoti nikamweleza yote. Tulikimbilia Mirongo, tukakuta ofisi ya Jesca imefungwa. Polisi walichukua maelezo yetu, na hadi leo wanatuambia tusubiri.

Modesta alinipigia mara moja tu, kwa namba ngeni, akinong'ona. "Dada, uko mji gani? Wamenichukulia pasipoti. Njoo unichukue." Simu ikakatika kabla sijamwambia kwamba niko Mwanza.

Wadogo zangu mnaomaliza shule, sisemi msitafute kazi nje. Ila ukitapeliwa, rudi nyumbani siku hiyohiyo ukaseme, tena useme kwa sauti, na jina la tapeli ulitaje! Ningesema mapema, mama angekwenda Mirongo na polisi, si na kuku.

Mimi niliogopa kuchekwa. Sasa Igoma hakuna anayenicheka. Majirani wanaingia, wanakaa na mama bila kuongea, wanaondoka.