Bakuli Lililonuka Sombe

Marehemu alikuwa amelala mezani, vipande viwili, akinuka sombe.

"Bakuli la seladoni, Inspekta!" alilia Bakiri, mwenye duka la vitu vya kale mtaani Doornfontein. "Kauri ya Longquan, Uchina. Karne saba! Liliibwa Ijumaa, leo nalikuta limerudishwa hivi."

Inspekta Orpha aliinua kipande. Kijani kilichopoa, kama maji ya kisima. Lakini kitako kilikuwa chekundu kama tofali.

"Mbona hapa pekundu?"

"Udongo wake una chuma. Joko la kuchomea hunyimwa hewa ili kijani kije. Likianza kupoa, hewa huingia, palipo wazi, pasipopakwa rangi, hugeuka pekundu."

"Kumbe kunyimwa hewa kunapendezesha. Mimi nimenyimwa tangu nijiunge na polisi, na bado."

Mlango haukuvunjwa. Ufunguo wa pili alikuwa nao mlinzi, Gustave, Mkongo wa Bukavu. Orpha, mzaliwa wa Uvira, hakuhitaji maabara kutambua sombe, kisamvu cha kwao.

"Papa Gustave, umekula kwenye bakuli la wafalme?"

"Sikula, Mama. Nilipima."

"Ulipima nini?"

"Bosi huwaambia wateja: ukitia chakula chenye sumu, bakuli hupasuka. Tumbo linaniuma tangu Krismasi. Pasta akatabiri adui yuko jikoni. Nikamimina sombe ya mke wangu, ya moto. Eish! Likapasuka mbele ya macho yangu."

"Na mkeo?"

"Victorine? Nimemfukuza. Yuko kwa dada yake Rosettenville, na watoto."

Orpha hakucheka. Aliwasha tochi ya miale ya zambarau, akaipitisha palipovunjika. Pakang'aa mstari mzima.

"Udongo haung'ai hivi. Gundi ndiyo hung'aa. Bakiri, nakuuliza kabla maabara haijakuuliza."

Bakiri alitazama viatu vyake.

"Nililinunua limevunjika. Nikaliunga, nikafunika ufa kwa rangi. Kuna mteja wa Midrand, angelichukua kama zima. Hadithi ya sumu humfanya mtu ashangae, asichunguze."

"Na sombe ya moto ikalegeza gundi."

Gustave aliketi sakafuni. "Kwa hiyo sumu haikuwepo?"

"Ilikuwepo, mdomoni mwa bosi wako. Wewe ukaimeza bila hata ugali. Nyote mtaandikisha maelezo kituoni. Ila kwanza, mpigie mkeo."

Simu iliita sana.

"Victorine? Ni mimi. Rudi nyumbani. Bakuli lilikuwa bovu."

Sauti ya mwanamke ikajaa duka zima.

"Mimi niliapa mbele ya watoto, ukakataa. Bakuli halikusema kitu, ukaliamini. Basi likupikie!"

Ikakatika.

Orpha alirudisha kiunoni pingu alizokuwa ameshazitoa.

"Panda gari, Papa. Tutapitia Rosettenville. Na ukifika, usianze na habari za bakuli."