Kinyozi na Kichwa cha Mwanawe

Kinyozi wetu hakosi wateja. Tangu asubuhi benchi lake hujaa watu, na mdomo wake haupumziki kama ilivyo mashine yake. Kichwa kimoja tu ndicho kilichomshinda, tena cha mwanawe wa miaka sita. Mtaa mzima humwita Bosi.

Bosi ana usonji. Haongei sana. Kila mashine ya kunyolea ilipowashwa alipiga kelele, akajificha chini ya benchi. Nywele zake zilijisokota, na chini yazo kulikuwa na vidonda. Muuguzi alitoa dawa ya kupaka, lakini ingefikaje kwenye ngozi?

"Mnyoe akiwa usingizini," wateja walimshauri kinyozi. Akajaribu. Bosi alizinduka, akalia hadi sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo hakutaka kuguswa na baba yake. Hilo lilimuuma kinyozi kuliko kitu chochote.

Jumamosi moja mwalimu wa watoto wenye usonji alikuja kunyolewa ndevu. Alimwona Bosi chini ya benchi, ameziba masikio.

"Mkaidi huyo, mwalimu," kinyozi alisema. "Ananitia aibu kwa watu. Hata nilipomvizia usingizini nilishindwa kumnyoa."

"Si ukaidi, kaka. Masikio yake yanaisikia mashine hiyo kwa ukali zaidi kuliko yako. Na wewe unamgusaje?"

"Kwa ncha za vidole, nisimuumize."

"Basi huenda hapo ndipo unapokosea. Kuna watoto ambao mguso mwepesi huwasumbua, kama wadudu wanatambaa. Mkono uliotulia, wenye uzito kidogo, huwapoza. Ila kila mtoto ana lake. Jaribu huku ukimtazama. Na mwambie kwanza, usimvizie tena."

Kinyozi aliwageukia wateja. Nao wakatazama pembeni, maana ushauri wa kumnyoa usingizini ulikuwa wao.

Seremala jirani aliwapa vizuia kelele vyake vya zamani, vile vya kufunika masikio. Bosi alipovivaa, alitoka chini ya benchi akaketi juu yake kama mteja. Kwa ushauri wa mwalimu, mama yake alishona mto mdogo, akautia maharage makavu ili uwe na uzito kidogo wa kumtuliza.

"Wa kuweka mapajani tu," mwalimu alimweleza. "Usiwe mzito sana, usimwekee shingoni wala usoni. Akitaka kuutoa, autoe."

Jumapili, duka likiwa limefungwa, Bosi aliketi kitini na mto wake. Mashine ilibaki kabatini. Kinyozi alimwonyesha mkasi.

"Sasa naweka mkono, Bosi. Sasa nakata."

Mkono mzima ulipotua kichwani, Bosi alishtuka. Kinyozi akasubiri. Kisha wakaendelea, pole pole, mpaka nywele zote zikawa sakafuni na dawa ikapakwa.

"Tumemaliza, Bosi. Shuka."

Bosi hakushuka. Aliishika mikono ya baba yake, akaiweka mwenyewe kichwani pake, akaikandamiza.

"Tena," alisema.

"Nywele zimekwisha, mwanangu," kinyozi alijibu, akicheka huku machozi yakimtoka.

"Tena."

Kinyozi akaiacha mikono yake pale pale.