Nipokee

Tulihama magharibi ili mwenye nyumba wa zamani asituone. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu Mungu analijua tayari, na kukuficha wewe msomaji hakunifai kitu.

Kule nilikotoka nilitia saini mkataba. Ulinitaka nitoe taarifa mwezi mzima kabla ya kuhama. Sikutoa. Nilifunga cherehani yangu ndani ya shuka, nikamwita mdogo wangu, tukatafuta mtu wa mkokoteni, tukapotea kama moshi. Moyoni nilishajiapiza: karatasi ni kamba. Nyumba nyingine nitaingia kwa mdomo na kutoka kwa miguu, siku ninayotaka.

Mdogo wangu tunamwita Kasuku, maana huiga sauti ya mtu yeyote. Njiani alimwiga mwenye nyumba akikohoa mbele ya chumba kitupu. Msukuma mkokoteni alicheka mpaka akasimama.

"Dada yako anamkimbia mtu, wewe unamwita," akasema.

Nyumba mpya niliiona jana yake nikipita. Vyumba viwili, jiko, na chumba cha nyuma kilichofungwa kwa komeo. Mwanamke mwembamba alikuwa amesimama mlangoni, kwa ndani. Aliniambia amechoka kukaa pale, anatafuta wa kushika nafasi yake. Tulipofika na mizigo alikuwa amesimama palepale. Miguu mitupu. Vidole vimegusa kizingiti, havikuvuka.

Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa.

"Mkataba huu hapa, dada. Kaa kwanza uusome."

"Karatasi za nini, ndugu yangu? Mimi mtu wa sala. Neno langu linatosha."

Alinitazama sana. Nilidhani ananiheshimu. Kumbe alikuwa ananihurumia.

"Nimekwambia usome," akanong'ona. "Mdogo wako ni shahidi."

"Sitaki."

Akaichomeka ile karatasi kifuani, akaninyooshea ufunguo.

"Basi nipokee."

Nani hajaambiwa neno hilo? Mtu akiwa na mzigo, unampokea. Ndivyo tulivyolelewa. Nikashika ufunguo. Ulikuwa na baridi.

"Nimekupokea," nikasema.

Akatoa mguu mmoja nje, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Akatoa wa pili. Halafu akakimbia. Ndala zake alituachia.

"Huyo naye anamkimbia mwenye nyumba," akasema Kasuku.

Tulicheka. Msukuma mkokoteni hakucheka. Alishusha kila kitu kizingitini, akageuza mkokoteni wake bila kuingiza hata kidole.

Kasuku alikwenda bombani na ndoo. Mimi nikainama kufungua cherehani. Giza lilikuwa linaingia. Nyumba ilikuwa kimya, na palikuwa na harufu ambayo fundi yeyote wa nguo anaijua... nguo iliyokunjwa mbichi, ikasahauliwa.

"Upo?"

Sauti ya chini, kutoka upande wa chumba cha nyuma. Nikajua ni Kasuku na michezo yake.

"Nipo," nikajibu.

Kasuku akaingia kwa mlango wa mbele, ndoo kichwani.

"Dada, unaongea na nani?"

Nilichukua ufunguo, nikamshika mkono, nikamwambia tunaondoka. Vitu vibaki. Yeye akavuka. Mimi nikainua mguu, nikaupitisha juu ya kizingiti...

Ukakanyaga sakafu ya jikoni.

Nikarudi mlangoni mbio. Nikavuka tena. Jikoni. Nikasoma kila sala niliyofundishwa, nikavuka nimefumba macho. Jikoni. Kasuku alikuwa akiingia na kutoka kama kuku, akilia, na hakuna kilichomzuia. Nikaenda dirishani, nikapenyeza mkono nje.

Vidole vyangu mwenyewe vikanigusa mgongoni.

Kesho yake Kasuku alizunguka mitaani mpaka akamwona yule mwanamke. Alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, akitazama miguu yake mwenyewe. Hakukimbia. Haya ndiyo waliyosemezana, kama Kasuku alivyoniletea, kwa sauti ya yule mwanamke hasa:

"Karatasi ile ilikuwa na siku ya kuingia na siku ya kutoka. Neno la mdomo lina siku ya kuingia tu. Hata mimi niliikataa. Nikajiona mjanja."

"Basi mpe dada yangu aitie saini sasa."

"Hutolewa mara moja tu."

"Na chumbani mle kuna nani?"

"Sijui. Yeye huuliza tu kama mtu yupo. Usipojibu, anakuja kuangalia mwenyewe."

"Sasa dada atatokaje?"

"Kama nilivyotoka mimi."

Nilielewa. Nipokee. Nimekupokea. Kumbe hakunipa ufunguo. Alinikabidhi zamu.

Tukaanza kuishi hivyo. Kasuku alilala kwa rafiki yake na kuja mchana. Wateja waliniletea vitambaa mlangoni, nikashona. Kila magharibi sauti iliuliza, nami nilijibu. Upo? Nipo. Salamu ya kila siku, ya watu wote, na mimi ilinitoa jasho.

Siku moja alikuja mteja mjamzito kuchukua gauni lake. Mikono yangu ilikuwa imejaa nguo. Akanyoosha yake.

"Lete nikupokee, fundi. Utaangusha."

Mdomo wangu ukafunguka. Nakiri. Nilikwishaona barabara, nikajiona naikanyaga. Lakini niliweka gauni chini, nikamwambia aokote mwenyewe. Aliliokota kwa shida, tumbo lile. Akaondoka akisema mafundi wa siku hizi wana kiburi.

Kasuku naye hakunipumzisha.

"Nikupokee siku moja tu, dada. Ukanyooshe miguu, urudi."

"Neno hilo usilitaje hapa ndani."

"Mbona tukiwa wadogo tulipokezana mtungi?"

"Mtungi unatua chini, mwanangu. Hii haitui."

Nilimkataza kila siku. Ila siku moja nilinyamaza kitambo kirefu kabla ya kumkataza. Aliuona ule ukimya wangu. Naomba Mungu anisamehe kwa huo kuliko kwa yote mengine.

Halafu mafua yakanishika. Koo likauma, sauti ikakwaruza, na kufika alasiri ikaisha kabisa. Kasuku alikuwepo, anatunga uzi kwenye sindano. Nilimpungia mkono aondoke kabla ya giza. Akajifanya haoni.

"Upo?"

Nilifungua mdomo. Ukatoka upepo.

Nikagonga sufuria. Nikapiga ukuta. Nikakanyaga sakafu kwa nguvu.

"Upo?"

Harufu ile ya nguo mbichi ikajaa chumba kizima. Komeo la chumba cha nyuma liko upande wetu, wala hapakuwa na mkono juu yake. Nililiona likitikisika. Likaanza kupanda.

Polepole...

Mlango ukaachia upenyo wa unene wa uzi. Ndani yake palikuwa na kitu cheusi kuliko giza, na kilikuwa kimeinama, kama mtu anayechungulia.

"Nipo," nikasema.

Haikuwa mimi. Ilikuwa sauti yangu, ile yangu ya uzima, kutoka nyuma ya cherehani. Kasuku alikuwa amesimama, sindano mkononi, midomo imekauka.

Mlango ukarudi. Komeo likashuka.

Kisha Kasuku akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kuficha woga.

"Umeona? Nimekuokoa, na bado umeninunia. Ngoja nikuletee maji ya koo."

Akachukua ndoo. Nilitaka kumshika. Nilitaka kumwita. Nilisikia ndala zake zikivuka kizingiti.

Kisha nikazisikia jikoni.

Ndoo ikaanguka.

Usiku kucha nilimkumbatia, nikisali kwa midomo tu. Hakuiga mtu yeyote. Nilijiambia labda ni sauti yangu iliyohesabiwa, si yeye. Labda kesho atavuka. Asubuhi alijaribu. Mchana akajaribu tena.

Magharibi tukaketi kitandani, mkono wake ndani ya wangu. Sauti ilichelewa. Ikachelewa mpaka nikaanza kutumaini.

Ikaja taratibu, kama ya jirani mwema.

"Mpo?"