Tundu la Tatu la Mkanda

"Mke wangu, hilo tundu umelitoboa lini?"

Akavuta gauni kufunika mguu. Mimi ni fundi viatu, na viatu alivyovaa nilimshonea mwenyewe. Mkanda wa kulia ulifungwa kwenye tundu la pili kama siku zote. Wa kushoto ulikuwa na tundu jipya, la tatu, karibu na ncha, limetobolewa kwa msumari ili kuulegezea mguu uliovimba.

"Mguu umechoka tu, baba watoto."

"Tangu lini?"

"Wiki."

Nilichoka hata hasira ikakosa pa kukaa. Miezi saba ya dawa za saratani, foleni na matapishi, bado ananificha mguu!

Hospitalini daktari akaubonyeza, akampima.

"Damu imeganda humu. Saratani huleta hayo, ila wengine pia huzaliwa na vinasaba vinavyozidisha hatari. Mama, kwenu yupo aliyewahi kuganda damu?"

"Hakuna."

Alijibu akitazama sakafu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, uongo wake naujua. Daktari alipotoka kufuata sindano, nikamgeukia.

"Mama mkwe alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Niambie kweli."

Machozi yakamtoka.

"Mguu ulimvimba alipomzaa mdogo wangu. Siku ya tisa pumzi ikakata. Mama mdogo naye hivyo hivyo. Nikisema ni ugonjwa wa ukoo, wakwe watasikia na kumkataa, na harusi ya binti yetu ni mwezi ujao. Mimi nishakwisha. Mwache mtoto aolewe."

"Umekwisha, umeniuliza mimi? Nimechoka na foleni, nimechoka na ndoo. Wewe sijakuchoka."

Nikatoa simu, nikamwandikia binti yetu: "Bibi yako aliuawa na damu kuganda baada ya uzazi. Mama yako sasa naye imemganda mguuni. Nenda ukapimwe."

"Umemharibia!" mke wangu akalia.

Tukakaa tukiitazama simu. Ukaingia ujumbe wa binti.

"Baba, mchumba wangu ameusoma ujumbe wako. Kesho ananipeleka kupimwa. Anasema afadhali tujue kabla sijabeba mimba. Mwambie mama harusi iko palepale."

Mke wangu aliusoma mara tatu. Daktari aliporudi na sindano, mke wangu akawahi kusema.

"Daktari, nilikudanganya. Mama yangu na mdogo wake wote walikufa hivi."

Daktari akaandika. Sindano ilipokwisha, nikainama kumvalisha kiatu.

"Limekaa vibaya hilo tundu?" akauliza.

"Vibaya sana. Fundi unaye nyumbani, wewe unahangaika na msumari! Siku nyingine mguu ukivimba, niite mimi nikutobolee."