Mvumo Mkononi mwa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, niliketi kitandani kwa Bibi na kuweka vidole juu ya mkono wake wa kushoto. Chini ya ngozi mlikuwa na mrija laini. Figo za Bibi ziliposhindwa kazi, daktari aliupandikiza kuunganisha mishipa miwili, ili mashine ya hospitali imsafishe damu mara tatu kwa wiki. Damu ikipita humo ilivuma. Nilifumba macho nikausikiliza mvumo huo, kama cherehani inayoshona katika chumba cha pili, na usingizi ukaanza kunirudia.

"Haya, Sikio, unaota au unafanya kazi?" Bibi aliniuliza, kwa jina alilonipa kwa ajili ya kazi hiyo.

"Inavuma, Bibi."

Yeye mwenyewe asingejua. Miaka arobaini ya kushona nguo, ya sindano na mkasi, ilimwachia ganzi vidoleni.

Siku ya fainali ya mpira wa pete shuleni, mvumo haukuwepo. Kulikuwa na kitu kikigonga tu, kizito, kama mtu anayebisha hodi huku amechoka. Nilijua maana yake: hospitali, leo leo. Nilijua pia kwamba mfungaji wa timu ni mimi.

"Vipi?" Bibi akauliza.

"Inavuma," nikasema, nikaondoka kwenda shuleni.

Uwanjani mpira ulinijia polepole, kama ndotoni. Kelele za wenzangu zilisikika kwa mbali, na mbele ya macho niliuona mkono ule tu. Nikauacha mpira upite, nikatimua mbio hadi nyumbani.

"Bibi, nimekudanganya! Haivumi!"

Hakunigombeza. Alichukua mtandio wake, tukaondoka kwenda hospitali.

Daktari aliupima mkono, kisha akatafuta kitu cha kuchorea. Bibi akamtolea chaki ya fundi kutoka mfukoni, naye akachora kwenye shuka la buluu.

"Hapa mrija unaingia kwenye mshipa kwa kona kali. Damu ikifika inazunguka-zunguka badala ya kupita. Ukuta wa mshipa unanenepa, njia inabana, damu inaganda. Bado inapita kidogo. Mngengoja hadi kesho, mrija ungeziba kabisa, na mashine ingekosa pa kuingilia."

"Kumbe ni kama kwapa la gauni," Bibi akasema. "Ukilikata kwa kona, linavuta na kukunjamana."

Daktari akacheka. "Basi, fundi, nitaunga upya kwa mshazari mrefu, damu iteleze."

Siku mbili baada ya upasuaji niliweka tena vidole, chini kidogo ya bandeji. Nilipousikia mvumo, machozi yalinitoka.

"Timu ilishindwa?"

"Ilishindwa, Bibi."

"Pole, mjukuu wangu. Lakini sikiliza. Habari mbaya usinipambie hata siku moja. Ikifika mapema ina dawa. Ikichelewa ina kilio. Ulikosea asubuhi, ukajirudi mchana, na ndiyo maana niko hapa nakusumbua. Haya, inasemaje?"

Sikuharakisha. Nilisikiliza mpaka nikawa na hakika, ndipo nikamjibu.

"Inavuma, Bibi."